Nahodha wa Chombo Kisicho na Nahodha

"Mimi na bahari tumenyonya ziwa moja," alisema Bonface Musyoka bila kupepesa jicho. "Siku nitakayotapika ndani ya chombo, nitaosha vyombo vya watu hadi nirudi Kenya."

Aliyasema hayo mjini Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, ndani ya stoo ya vifaa vya umeme ambamo maji mengi kuliko yote yalikuwa kwenye birika la chai. Aliyasema mbele ya Onesmus, waliyetoka naye Mwingi na kusoma naye sekondari moja, mtu aliyejua fika kwamba bahari pekee waliyokulia ilikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe, nalo lilikuwa na desturi ya kukauka kila Agosti. Onesmus aliinua macho akatazama feni. Kuna uongo unaokatizwa mapema ili usilete madhara, na kuna uongo ambao ni raha kuuacha uende uone utafika wapi.

Bosi wa stoo alikuwa amepigiwa simu kutoka Jeddah. Huko kampuni ilikuwa na kiwanda cha kuundia boti kando ya bahari, na mwaka huo wa 2019 kazi ilikuwa imechangamka. Wenye nchi walikuwa wamechoka kununua kila kitu ng'ambo, mpaka nanga. Sasa walitaka meli za jeshi lao la majini ziundwe nyumbani, chuma kikatwe na vijana wao wenyewe. Na juu ya hizo walitaka vyombo vya aina mpya kabisa, visivyopandwa na mtu: unavituma baharini kama unavyomtuma mtoto dukani, vinakwenda, vinachungulia hatari, vinarudi na habari. Kiwanda kilihitaji mtu wa kuwasaidia mafundi wa nyaya. Bosi akauliza nani anaijua bahari, na macho yake yakamwangukia Bonface, maana kwa bosi huyo kila Mkenya alitoka Mombasa, kama vile kwa wajomba wa Bonface kila Mwarabu alikuwa na kisima cha mafuta nyuma ya nyumba.

Bonface angeweza kumsahihisha. Lakini Jeddah kulikuwa na Terry.

Terry Nafula alikuwa msichana wa Bungoma. Walikaa viti vya jirani kwenye ndege moja kutoka Nairobi, wakati ule maajenti wa kazi za Saudia walikuwa wamejaa kila ghorofa ya River Road, na ndege hazitoshi. Nafula kwao ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Bonface, mwana wa ukame, alipoambiwa hivyo aliona ni ishara kutoka mbinguni. Walipotua, yeye alichukuliwa na kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, akapelekwa stoo, Terry akaunganishiwa ndege ya Jeddah, kwenye nyumba kubwa ya mtaa wa Al-Rawdah ambako alipika, alifua na kulea. Tangu siku hiyo mapenzi yao yaliishi ndani ya simu, na simu ina tabia mbaya ya kuishiwa chaji pale neno tamu linapokaribia. Madam wake Terry alimpa ruhusa ya kutoka Ijumaa moja moja. Mtu wa Riyadh hawezi kukata jangwa lote lile kwa ajili ya Ijumaa moja. Mtu wa Jeddah anaweza hata kwa miguu.

Kwa hiyo ziwa likanyonywa, bosi akasema halas, yamekwisha, na Bonface akafunga begi. Masharti yalikuwa wazi: anakwenda kwa majaribio. Wakiridhika naye, ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini, itahamishiwa Jeddah. Wasiporidhika, atarudi Al-Murabba kuhesabu balbu.

Kabla hajapanda basi, inafaa tuseme neno kuhusu Kiarabu chake, maana ndicho kilichokuja kumponza. Bonface alikuwa akiokota lugha kama kuku anavyookota punje: chochote kilichong'aa, alimeza. Neno mafi, yaani hakuna, alilipata siku ya kwanza, akalicheka wiki nzima, kwa sababu sikioni mwa Mswahili neno hilo linatembea karibu mno na choo. Neno nafar alilipata Al-Batha, ambako wapiga debe wa magari ya kwenda Dammam husimama kando ya gari lililojaa wakiita: wahid nafar, wahid nafar. Kwa Mkenya hilo halihitaji mwalimu. Gari limejaa, imebaki nafasi moja. Nafar, nafasi, hata kwa sura ni ndugu. Akalijaribu kwa dereva mmoja: fi nafar, akimaanisha ipo nafasi? Dereva akamtazama, akamsogeza abiria mmoja, Bonface akakaa. Neno likawa limefaulu mtihani. Baada ya hapo, kila basi la wafanyakazi lilipojaa, Bonface alitikisa kichwa akatangaza mafi nafar, na Wabangladeshi waliobanana humo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alidhani wanafurahia matamshi yake.

Hakuna aliyemwambia kwamba nafar ni mtu. Mpiga debe wa Al-Batha alikuwa akitafuta mtu mmoja. Nafasi alikuwa nayo tayari.

Kiwandani Jeddah alipokelewa na Mhandisi Haroub, Mpemba mwenye miwani iliyokaa nchani mwa pua, aliyeishi mji huo miaka mingi hata Kiswahili na Kiarabu chake vilikuwa vikilala kitanda kimoja. Alimwuliza kijana anaijua bahari ya wapi. Bonface akasema ya Mombasa. Mombasa upande gani? Bonface akafikiri, akasema upande wa maji. Haroub akampima kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema basi karibu, maana kwa mbavu hizo hakuna tundu asilopita.

Na ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kwenye jukwaa la kuundia palisimama meli ya doria iliyokuwa bado mifupa mitupu, cheche za kulehemu zikidondoka mchana kutwa, na vijana wa Kisaudi wenye ovaroli mpya wakipigana picha kando ya maungo waliyoyaunga wenyewe, kama wazazi hospitalini. Pembeni, chini ya turubai, kilikaa chombo kidogo cha rangi ya kijivu, urefu wa lori, kisicho na usukani, kisicho na kiti, kisicho hata na pahali pa kutundika shati. Ndani yake kulikuwa na betri, nyaya na uwazi mwembamba uliomfaa paka au Bonface. Bonface alikiita Yatima, kwa kuwa hakikuwa na baba wala mama ndani, na jina likashika hadi kwa wakubwa.

Mkuu wa majaribio aliitwa Abu Faris, Msaudi mnene mwenye haraka, aliyempapasa Yatima ubavuni kila asubuhi kama mtu anayesalimia ngamia wa mashindano. Haroub naye alikuwa na namna yake ya kukieleza. Siku ya kwanza alimwambia Bonface, "Hichi kimeundwa, mwanangu, ili pahala penye hatari asende mtoto wa mtu." Kisha akamwonyesha kifuniko cha kuingilia, na wenzo wa kukifungulia kwa ndani, na kabla hajamaliza kueleza Bonface akasema anajua, anajua. Halafu akampa sheria moja tu: atakayemwaga humo ndani hata tone la chai, jioni yake yumo kwenye basi la Riyadh. Vifaa vile na majimaji ni paka na panya.

Hiyo Bonface aliisikia. Neno Riyadh lilimfanya asikie vizuri.

Jioni akampigia Terry simu akamweleza cheo chake kipya. Hakusema anapita matunduni. Alisema ni nahodha.

"Nahodha wa nini?" Terry akauliza.

"Wa chombo cha kivita."

"Na mabaharia wako ni wangapi?"

"Hawapo. Ni chombo cha kisasa, hakipandwi na mtu."

"Kwa hivyo wewe ni kapteni wa watu hewa," Terry akasema, "na wewe mwenyewe hupandi."

Bonface akajibu kwamba mambo ya jeshi hayasemwi kwenye simu. Terry akacheka, na kicheko kile kilimtosha Bonface kulala bila kuwasha kiyoyozi. Ijumaa iliyofuata walionana Kandara, mtaa wa hapo hapo Jeddah, kwa Sellah, mama wa Kisumu aliyekodi chumba jirani na stendi ya zamani na kuwapikia Wakenya chapati na ndengu siku za mapumziko. Walikaa kando kando kwenye mkeka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ndege ile. Bonface, mtu wa maneno, alikula chapati nne kwa kukosa la kusema.

Baada ya hapo alikuwa tayari kufanya lolote asirudi Al-Murabba.

Siku ya maonyesho ikafika. Wakubwa walikuwa wanatoka Riyadh kuja kumwona Yatima akienda mwenyewe na kurudi mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kujivunia, waalikwa waliruhusiwa kuja na familia. Pakapigwa hema jeupe gatini. Pakaletwa kahawa ya hiliki, tende, spika kubwa, na watoto waliokimbia kila upande na yaya zao nyuma yao. Bonface alikunywa uji mzito asubuhi hiyo ili asimame imara, akavaa kofia ngumu ya njano, akaivuta nyusini apate kufanana na mtu anayehitajika.

Wageni walipoanza kuketi, Haroub alimwita akamnong'oneza kwamba kuna bano la betri analitilia shaka. Aingie, alikaze, atoke. Kisha Haroub akaelekea hemani kuwaeleza wageni kile watakachokiona, na redio yake akaiacha juu ya meza gatini.

Bonface akaingia. Akajipenyeza kati ya betri, goti moja karibu na sikio, kiwiko kimekwama nyuma ya bomba, spana mdomoni. Bano lilikuwa limelegea kweli. Alikuwa amelikaza nusu pale redio yake mwenyewe ilipokoroma kiunoni, na sauti ya Abu Faris ikauliza kile Kiarabu cha kazini kinachotumiwa kwa wageni, maneno mafupi mafupi yasiyo na viungo:

"Bonface. Markab fi nafar, mafi nafar?"

Abu Faris alikuwa akiuliza kama chomboni kuna mtu au hakuna. Bonface alikuwa mtu wa mwisho kukigusa, kwa hiyo ndiye wa kuulizwa.

Lakini Bonface alichosikia ni bosi mzima, katikati ya shughuli kubwa namna ile, akimwuliza kama amepata nafasi ya kutosha. Moyo ulimlainika. Alitema spana, akatazama goti lake lilivyokaa, akajibu ukweli mtupu.

"Mafi nafar, bosi. Mafi nafar kulu-kulu."

Hakuna mtu, bosi, hata kivuli cha mtu. Abu Faris akasema tamam. Kijana wa gati akapita, akaona kifuniko kimeachwa wazi, na kwa kuwa redio imeshasema hakuna mtu, akakifunga kwa adabu na kukikaza.

Giza lilipoingia Bonface alidhani ni turubai. Yatima alipotikisika alidhani wanamsogeza. Ndipo injini zilipowaka nyuma yake kama ngurumo iliyofungiwa kabatini, na sakafu ikainuka ikawa ukuta. Akaishika redio akaanza kupiga kelele. Lakini mtu akiogopa, lugha iliyoingia mwisho ndiyo hutoka kwanza: Kiarabu kilikuwa kimeshamkimbia, Kiingereza kikafuata, Kiswahili kikajaribu kusimama kikaanguka, akabaki na Kikamba peke yake. Alimwita mama yake. Mwaitu, mwaitu, redio ikalia gatini, na Abu Faris, asiyejua neno hilo, akatabasamu akamwambia aliye karibu yake kwamba yule kijana wa Mombasa ameshikwa na furaha.

Nje, mbele ya wageni, Yatima alikuwa akifanya maajabu. Alipita kati ya maboya kama anayeshona, akazunguka, akasimama ghafla, akarudi kinyumenyume. Ndani, kila pindo la ule mshono lilikuwa likimpitia Bonface tumboni. Uji wa asubuhi, pamoja na ziwa lote alilodai kunyonya na bahari, vikaanza kupanda. Akafumba mdomo kwa mikono miwili. Akaona taa ndogo za kijani za vifaa zikimkonyeza kila upande, na katika msukosuko ule wote akaona kwa uwazi kabisa basi la Riyadh likimsubiri, mlango wazi. Si hata tone la chai, Haroub alikuwa amesema. Akaivua kofia yake ngumu, akaigeuza, akaikumbatia.

Ikatosha. Iwe ni sifa ya kiwanda kilichozitengeneza kofia zile: ilitosha vyote, na haikuvuja.

Yatima alirudi akajiegesha gatini taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Spika zikasifu, wageni wakapiga makofi. Chombo kimekwenda peke yake, kimerudi peke yake, hakikuguswa na mkono wa binadamu. Ni katikati ya makofi hayo Bonface alipokumbuka wenzo aliosema anaujua, akausukuma kwa bega, na kifuniko kikafunguka.

Makofi yalikufa safu moja baada ya nyingine. Kutoka tumboni mwa chombo kisichopandwa na mtu alitoka mtu, mrefu, mwembamba, rangi yake ikikaribia ya chombo, amebeba kofia ya njano kwa mikono miwili mbele ya kifua. Alitembea kama anayevuka mto juu ya gogo. Mtoto mmoja alimponyoka yaya wake, akakimbia hadi kwenye kamba ya gati, akamnyooshea kidole na kuuliza jambo kwa sauti kubwa. Yaya alimfikia akamziba mdomo. Bonface, macho yamejaa machozi, aliona mabuibui meusi tu, yote sawa, na hema likizunguka nyuma yao.

Mgeni mmoja mzee, afisa wa majini aliyestaafu, alisimama kwa mkongojo wake akakaribia. Akauliza, na Haroub, aliyekuwa amefika mbio, akatafsiri kwa sauti kavu: mzee anataka kujua, humo ndani uligusa chochote?

"Sikugusa kitu, mzee wangu. Nilijishika mwenyewe tu."

Mzee alisikiliza tafsiri, akacheka mpaka mkongojo ukamtoka. Akawageukia wenzake akasema basi hii ndiyo hakika. Chombo kimekwenda na kurudi hata baada ya kupewa mtu wa kukisumbua. Wageni wakacheka naye, wakarudi kwenye tende zao. Abu Faris hakucheka. Alimwonyesha Bonface kidole kimoja, kisha akakielekeza ofisini.

Ofisini mambo hayakuwa ya tende. Abu Faris alizungumza kwa muda mrefu na Haroub alitafsiri kidogo tu, jambo lililomtisha Bonface zaidi. Alichokipata ni hiki: tumeunda kitu ili mtoto wa mtu asiende penye hatari, na siku ya kwanza mbele ya watu tumemtia humo mtoto wa mtu. Angekufa, mamake angeambiwa nini? Basi la Riyadh lipo saa za alasiri. Bonface aliitazama sakafu. Hakufikiria balbu. Alifikiria mkeka wa Sellah, na upande wake mmoja ukiwa mtupu.

Haroub akaomba ruhusa atoke kidogo. Alirudi na tochi mkononi, akasema amekagua ndani kote. Bano limekazwa sawasawa, na lau lingeachwa lilivyokuwa, betri ingeng'oka kwenye kona ya kwanza na wageni wangeona moshi. Na hakuna majimaji. Hata tone. Akamgeukia Bonface, miwani ikiteremka.

"Sasa niambie, mwanangu. Umeulizwa kwa lugha nyepesi kabisa. Kwa nini umejibu mafi nafar, nawe umo?"

"Kwa sababu palikuwa pamebana, mhandisi," Bonface akasema. "Hata goti sikuwa na pa kuliweka. Ningesemaje kuna nafasi?"

Haroub alimwangalia. Kisha akaivua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la shati huku mdomo ukimcheza. Alimweleza kwamba nafar ni mtu, na kwamba hata Kiswahili cha zamani kilikuwa nalo neno hilo, nafari, kabla Wakenya hawajakipeleka gereji. Halafu akamgeukia Abu Faris akamtafsiria yote: Al-Batha, wapiga debe, gari la Dammam, goti. Abu Faris alisikiliza ameukunja uso. Ghafla alisimama akaelekea ukutani, akaisoma kalenda kwa makini, mabega yakimruka.

Aliporudi kwenye kiti chake alikuwa mtu mwingine kidogo. Alisema kosa si la kijana peke yake. Kuuliza neno moja redioni si kukagua, na aliyeuliza ni yeye. Tangu leo, hakuna chombo kitakachotoka kabla mtu mmoja hajapita kila tundu, akafungua kila kifuniko, akatazama kwa jicho na kupapasa kwa mkono. Mtu huyo ndiye atakayesema mafi nafar, na mwingine yeyote akilisema halihesabiki. Awe mwembamba. Na awe mtu ambaye maana ya neno hilo haitamtoka hata akizeeka.

Wote wawili wakamtazama Bonface. Wiki hiyo ikama yake ikaanza kuhamishwa.

Sasa, mtu mwingine angeridhika na ukweli huo, maana ulikuwa mtamu wa kutosha. Bonface aliridhika nao siku za kazi. Ijumaa ya Terry ilipofika, Kandara kwa Sellah, mkeka umejaa, sinia la chapati katikati, ukweli ule alianza kuuona mfupi, akauongezea miguu.

Aliwasimulia jinsi maonyesho yalivyotaka kuharibika. Jinsi Yatima alivyopoteza mawasiliano katikati ya bahari, wakubwa wameshika vichwa, na Abu Faris akamwita kwa redio kwa sauti ya kuomba. Jinsi alivyojitosa ndani kupitia kifuniko, mawimbi yakipanda urefu wa ghorofa, akakiongoza chombo kwa mkono kati ya maboya hadi gatini. Wapishi wawili wa Kisii walisahau kutafuna. Sellah alishika mwiko hewani. Akawaeleza kwamba afisa mzee mwenye mkongojo alimsimamia kwa heshima, na kwamba tangu siku hiyo hakuna chombo kinachoondoka pale bila neno lake, jambo ambalo, kwa mshangao wake mwenyewe, lilikuwa kweli.

"Na tumbo?" Sellah akauliza. "Mawimbi yote hayo, hukuchafukwa?"

"Mama Sellah, mimi na bahari tumenyonya ziwa moja. Siku nitakayotapika ndani ya chombo, nitaosha vyombo vyote hivi unavyoviona."

Terry alikuwa ameketi kando yake, anakunja chapati yake taratibu, kama mtu anayesikiliza redio anayoipenda. Tangu maonyesho yale hakuwa ameuliza lolote, ila kusema tu, kila simu, kwamba ana hamu ya kuyasikia ana kwa ana.

"Kapteni," alisema, "kofia ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Ya njano."

"Ukaivaa ulipokuwa ukitoka mbele ya wageni?"

Bonface akafikiri haraka. "Niliivua. Mtu wa majini hutoka kofia mkononi. Ni heshima."

"Ni kweli, ilikuwa mkononi." Terry akatoa kipande cha chapati, akakichovya ndengu. "Baba wa nyumba yetu alialikwa, madam akasema nije niangalie watoto. Mkubwa hanisumbui, lakini yule mdogo ana mbio, alinitoroka akafika hadi kwenye kamba. Na mpaka leo kila nikimpa uji ananiuliza swali lile lile aliloliuliza pale gatini kabla sijamziba mdomo: yule mjomba mrefu alikuwa amebeba nini ndani ya kofia, mbona alikuwa anatembea polepole hivyo, kama anaogopa kitamwagika?"

Mkekani wote wakamgeukia Bonface. Yeye akachukua chapati nyingine, akaijaza mdomoni yote.

Terry alikuwa akimtazama, macho yanacheka, bega lake limeegemea la kwake na halikuondoka. Sellah naye alifuta mikono. Aliinuka, akakusanya masahani, sufuria la ndengu na mwiko, akavipanga vyote ndani ya beseni, akalisukuma kwa mguu mpaka likasimama mbele ya magoti ya nahodha.